Fishie iwe fishie, dosie iwe dosie

Waundaji wa programu wamebishana miaka mingi juu ya swali moja: je, kitu kimoja ndani ya kompyuta kinaweza kuwa fishie na dosie kwa wakati mmoja? Yaani kisomwe kama barua, na papo hapo kifunguliwe kama kabati lenye barua zingine? Mwaka 2004, Mmarekani Hans Reiser alileta mfumo wake Reiser4 wenye wazo hilo. Wakubwa wa Linux waliupinga, na haujaingizwa kamwe katika Linux rasmi.

Mtu wa Annexe atauliza: hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Huko Kasapa, karibu na kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kazi ya mwanafunzi inasafiri kwa flashi: inatoka kwenye kompyuta ya rafiki, inaenda kwa mtu wa kuchapa, kisha kwa profesa. Flashi moja inaweza kupita mashine nne kwa siku. Kitu chenye sura mbili kinaleta hasara hapo.

Virusi vya flashi tunavijua. Vinaficha dosie zako, kisha vinaweka programu yenye jina lile lile na picha ile ile ya manjano. Unabonyeza ukidhani unafungua dosie, kumbe umewasha virusi. Tayari jicho linadanganywa hivyo. Kila fishie ikiruhusiwa kuwa dosie pia, tutajilindaje?

Tena kuna safari yenyewe. Kwenye diski za NTFS, Windows inaruhusu fishie kubeba data nyingine iliyofichwa pembeni. Lakini flashi nyingi zinatumia FAT32, ambayo haijui mambo hayo: ukinakili, data ya pembeni inabaki nyuma. Vilevile programu ya Mac inaonekana huko kama kitu kimoja, lakini kwenye Windows inakuwa dosie yenye vipande vingi.

Wanaotetea wazo hilo wana hoja. Fishie ya docx, iliyoletwa na Word 2007, kwa kweli ni mfuko wa zip wenye maandishi na picha ndani. APK tunazopitishana kwa simu ni hivyo hivyo. Hati ikikataa kufunguka, fundi anayejua anachukua nakala yake, anabadilisha docx kuwa zip, na mara nyingine anaokoa picha na hata maandishi. Hiyo ni faida kubwa kwa familia iliyolipa masomo kwa shida.

Lakini tazameni vizuri: mfuko huo umefungwa. Kwa diski ni fishie moja tu, na unasafiri mzima kwenye flashi yoyote. Anayetaka kuona ndani anaufungua kwa makusudi, kwa programu inayofaa. Hiyo ndiyo njia nzuri. Mchanganyiko ubaki ndani ya mfuko, usiingizwe katika mpangilio wa diski.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Windows iache kuficha herufi za mwisho wa jina, kama docx au exe, kwa sababu ndizo zinazosema kitu ni nini. Hadi hapo, kila mwenye kompyuta aziwashe mwenyewe. Na walimu wa informatiki, kutoka Kalebuka hadi Naviundu, wafundishe tofauti ya fishie, dosie na programu kabla ya kufundisha kuandika katika Word. Somo hilo ni la saa moja, na linaweza kuokoa kazi ya mwaka mzima.