AFYA NYUMBANI: Kupata Nafuu Si Kupona

Ndugu msomaji, si kila choo cheusi kama lami ni dalili ya vidonda vya tumbo. Damu hiyo yaweza kuvuja kutoka katika uvimbe uliojificha kwenye ukuta wa tumbo la chakula au wa utumbo mwembamba, ukikua kimya kimya hata mgonjwa akapungukiwa damu. Madaktari huuita kwa kifupi GIST. Ni saratani inayoanzia katika seli zinazoongoza mwendo wa tumbo na matumbo yanaposukuma chakula.

Ukigunduliwa mapema, tiba yake kuu ni upasuaji. Lakini zamani ulipokwisha kusambaa, dawa za kawaida za saratani hazikufua dafu. Mwaka 1998 wataalamu wa Japani waligundua kwamba protini iitwayo KIT, ambayo huziamuru seli zizaliane, yaweza kuharibika ikaamuru bila kukoma. Machi 2000, mjini Helsinki, Finland, mwanamke ambaye uvimbe wake ulikuwa umesambaa alianza kumeza imatinibu, dawa inayoizuia protini hiyo. Baada ya wiki chache uvimbe ukanywea.

Hapo ndipo penye mtego. Maumivu yakitoweka na hamu ya chakula ikirudi, mgonjwa hujiona mzima. Lakini mara nyingi dawa hii humfunga adui kamba tu, haimuui. Utafiti uliofanywa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2007 uliwahusu wagonjwa ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulizwa kwa mwaka mmoja. Miongoni mwa walioachishwa vidonge, wengi ugonjwa ulianza kukua tena.

Basi, aliyepasuliwa akawa katika hatari kubwa ya kurudiwa huweza kuandikiwa vidonge kwa miaka 3. Yule ambaye ugonjwa umesambaa huendelea navyo maadamu vinamfaa. Vimezwe pamoja na chakula na bilauri kubwa ya maji. Kope zikivimba au misuli ikikaza, aelezwe daktari. Mgonjwa asipunguze dozi kwa hiari yake. Akipewa dawa za kifua kikuu, au akitaka kutumia za mitishamba, aseme mapema, kwani baadhi huidhoofisha imatinibu.

Ndugu msomaji, ukiwa na mgonjwa wa namna hii nyumbani, usimuulize tu kama bado anaumwa. Muulize pia kama leo amemeza dawa.