Risala ya Walengwa wa Mpango wa Kunusuru Kaya, Ushirombo, kwa Mheshimiwa Mbunge wa Bukombe Kuelekea Bunge la Bajeti

Mheshimiwa Mbunge,

Wengi tulioketi mbele yako ni wajane, na bibi wanaolea wajukuu ambao baba zao wako machimboni. Fedha ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) inayoingia kila baada ya miezi miwili ndiyo debe la mahindi, ndiyo daftari la mtoto, ndiyo nauli ya kliniki. Tunaishukuru Serikali kwa dhati, na kwa sababu hiyo hiyo hatuwezi kunyamaza fedha hii inapoibwa.

Baada ya Mpango wa Kunusuru Kaya, unaotupa fedha hii, kuzinduliwa Agosti 2012, tulikuwa tukipokea noti mkononi, mbele ya kamati na majirani. Kasoro zilikuwepo: mwaka 2016 nchi nzima ilisikia habari za kaya hewa, na maelfu ya majina yakafutwa. Baadaye malipo yakahamishiwa kwenye simu na benki. Mwizi wa daftarini amebanwa, hilo tunalikiri. Lakini yuko mwingine anayesubiri kwenye laini ya simu, na huyu haugusi mfuko wa Serikali. Anamwibia mlengwa baada ya vitabu kuandikwa kwamba amelipwa.

Mheshimiwa, tangu Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole huzimwa. Bibi aliyeponda mawe ya dhahabu tangu ujana wake, vidole vimelika. Mashine haimsomi, na kitambulisho cha Taifa cha NIDA hana. Basi ruzuku yake inaingia kwenye laini ya mtoto au jirani. Mtoto akisikia dhahabu imetoka upande wa Chunya, anaondoka na simu, na chakula cha mama yake kinaondoka naye.

Mwenye laini yake mwenyewe naye hayuko salama. Ujumbe asioweza kuusoma anampa wakala amsomee, na namba ya siri anaitaja kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Wapo wanaokatwa hela ya soda kwa huduma hiyo. Wapo waliopigiwa simu na mtu aliyejiita afisa wa mpango, akawataja jina na kijiji, akawatisha kwamba wasipothibitisha namba zao watafutwa. Majina yetu aliyapata wapi? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022. Nasi ni watu inaotakiwa kuwalinda.

Mlengwa akienda kulalamika anajibiwa kwamba mfumo unaonyesha amelipwa. Hapo safari yake inaishia.

Dai letu la kwanza, na ndilo kubwa, ni kwamba hasara hii isibebwe na kaya maskini. Katika fungu la TASAF, chini ya Ofisi ya Rais, Utumishi na Utawala Bora, itengwe fedha ya kumrudishia mlengwa aliyeibiwa, ndani ya dirisha la malipo linalofuata. Marekani, wezi waliponakili kadi za chakula za wasio na uwezo, Bunge lao mwishoni mwa 2022 liliagiza waliopoteza warudishiwe. Agizo hilo likaachwa likome Desemba 2024, na mzigo ukawarudia wenye njaa. Tusianzie pale wenzetu walipokosea.

Atasimama mbunge aseme kurudisha fedha kutazaa madai ya uongo. Tunamjibu: kila dai lisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Huku tunajuana, anajulikana aliyelala njaa na anajulikana anayedanganya.

Pili, maofisa wa NIDA waje vijijini kwa ajili ya wazee ambao vidole vyao havisomeki, na pawe na utaratibu wa kuwatambua kwa picha na mashahidi. Mpaka hapo, asiye na laini yake alipwe taslimu mbele ya kamati. Tatu, siku za malipo awepo mwezeshaji anayejua Kisukuma au Kisumbwa, anayeruhusiwa kuandika lalamiko na kumpa mlengwa nakala.

Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Tunaomba utusemee kabla fungu hilo halijapitishwa, kisha urudi Ushirombo utueleze kwenye mkutano wa hadhara Waziri alijibu nini.

Ni sisi,
Walengwa wa Ushirombo na vijiji vya jirani, Wilaya ya Bukombe