Mwanabodaboda wa Nchi ya Chai Avae Glavu

Kila mhudumu wa bodaboda wa Kericho na Bomet anapaswa kuvaa glavu, na chama cha steji yake kinapaswa kumsaidia kuzinunua. Nasema hivi nikiwa muuguzi anayesafisha vidonda vya ajali, na nikiwa mama anayekwenda zamu alfajiri kwa pikipiki yake mwenyewe kutoka upande wa Litein.

Anayeishi Kisumu au Mombasa ana haki ya kuona glavu ni urembo. Sisi tuko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ya Julai, kipimajoto kikisoma nyuzi 10, upepo unaompiga mtu aendaye kilomita 50 kwa saa humfanya ahisi nyuzi 5 au 6. Alasiri hushuka mvua, tena mara nyingi ya mawe. Ganzi ya vidole inayoletwa na baridi hiyo si karaha tu. Katika Boxer na TVS tunazoendesha, mkono wa kulia ndio ushikao breki ya mbele, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi ya kuisimamisha pikipiki. Wa kushoto una klachi. Kwa mwendo huo wa kilomita 50 kwa saa, kila sekunde ni karibu mita 14. Kidole kikichelewa nusu sekunde, umesogea mita 7, na mita hizo zatosha kukufikisha kwenye magurudumu ya lori la majani chai linalochomoza konani.

Halafu kuna kuanguka kwenyewe. Binadamu akianguka hutanguliza viganja, hata awe hodari namna gani. Barabara zetu za kuelekea vituo vya kuuzia majani ni za changarawe, na kokoto hizo hujikita ndani ya nyama. Mimi ndiye ninayezitoa kwa kibano, moja baada ya nyingine, kijana akiuma meno. Glavu haitazuia mfupa wa kifundo cha mkono kuvunjika, wala haichukui nafasi ya helmeti. Kazi yake ni kuikinga ngozi.

Watafiti wa Australia waliochunguza waendesha pikipiki 212 waliopata ajali eneo la Canberra walichapisha matokeo yao mwaka 2011: waliovaa glavu za pikipiki walikuwa na hatari ya kulazwa hospitalini isiyofika nusu ya ile ya wasiozivaa. Bila shaka mwenye glavu huenda alivaa na jaketi nzito, kwa hiyo sifa yote si ya glavu. Hata hivyo, sijapata kutoa kokoto kwenye kiganja kilichokuwa ndani ya ngozi nzuri ya ng'ombe.

Huku kwetu kiganja kina kazi nyingi. Kijana anayebeba abiria mchana ndiye huyo aliyekamua ng'ombe alfajiri na kuchuma chai ya mamake kabla ya saa nne. Ngozi ikichunika, hachumi majani mawili na chipukizi, hakamui, na hashiki usukani kwa wiki kadhaa. Mkopo wa pikipiki nao hulipwa kila siku, mkono upone usipone.

Vijana huniuliza, “Sista, nikivaa glavu nitahesabuje pesa? Nitabonyezaje M-Pesa?” Swali ni la haki. Abiria hulipa pikipiki ikiwa imesimama. Vua glavu moja, pokea, vaa, ondoka. Simu haina kazi mkononi mwako ukiwa mwendoni.

Lakini si kila glavu inafaa. Ya sufu hunyonya maji, na ikilowa huteleza na kuzidisha baridi. Mfuko wa plastiki huzuia mvua, ila hauna mshiko. Vile vifuniko vikubwa vinavyofungwa kwenye usukani huleta joto, lakini ukirushwa vinabaki na pikipiki, nawe watua mikono mitupu. Tafuta glavu za ngozi, hata zile za kazi zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Kabla ya kulipa, zivae ushike breki na klachi ya pikipiki yako. Kidole kikisita au ngozi ikijikunja, hiyo si saizi yako, irudishe.

Sheria ya Trafiki inamtaka mwendeshaji awe na helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga. Glavu haimo, na siombi iongezwe. Tukiiweka kwenye sheria, itakuwa kisingizio kingine cha kumsimamisha kijana barabarani na kumdai kitu kidogo.

Ninaowaomba ni wenye steji. Vyama vyenu huchanga kila siku, na mwenzenu akiumia mnamchangia bili. Akifa mnachangia jeneza. Tengeni sehemu ya mchango huo mnunue glavu kwa jumla, jozi kwa kila mwanachama, mkianza na wanaotoka kabla ya jua. Na wazazi wenye chai, bonasi ya Oktoba ikiingia, kabla ya mabati na karo kuimaliza, mnunulieni kijana jozi moja ya ngozi. Ni gharama ndogo kuliko siku moja ya wodi, na mkono wake ndio utakaochuma bonasi ya mwaka ujao.