Studio Isiwe Kisingizio: Kaole Mawe Yana Mlinzi, Sauti Hazina

Ukifika Kaole, kilomita zipatazo 5 kusini mwa mji wa Bagamoyo, utalipa kiingilio, utapita katika makumbusho madogo, kisha utaonyeshwa msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo yanayouzunguka. Mawe hayo yana mlinzi, na yanastahili kuwa naye. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayapa ulinzi majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Lakini ondoka magofuni, ingia kijijini, kisha ujiulize: mzee anayejua kughani utenzi kwa mahadhi aliyorithishwa na babu yake analindwa na sheria gani, na fungu gani la bajeti? Jibu tunalijua sote. Akifa, tunamzika pamoja na mahadhi yake, tunakula ubwabwa wa hitima, tunatawanyika.

Hoja yangu ni moja. Hatukosi kunasa sauti za malenga wetu kwa sababu ya umaskini. Tunakosa kwa sababu tumejiaminisha kwamba sauti haina thamani mpaka iingie studio, na kwamba studio haiji mpaka mfadhili aje. Imani hiyo ni uvivu uliovishwa joho la utaalamu.

Ushairi wa Kiswahili haukuzaliwa karatasini. Mizani hupimwa kwa ulimi na vina huhukumiwa na sikio. Sheikh Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954, alisisitiza kwamba shairi ni wimbo. Sisi wahadhiri tunakinukuu kitabu hicho darasani, kisha tunamtahini mwanafunzi kwa karatasi iliyo bubu. Tunamfundisha kuhesabu mizani kama mhasibu anavyohesabu risiti, naye anahitimu shahada bila kusikia hata mara moja utenzi mzima ukighaniwa na mtu aliyeurithi.

Gharama ya ububu huu imo katika historia ya pwani yenyewe. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mjini Göttingen mwaka 1903. Humo tunasoma habari za ngoma na maneno ya nyimbo zake, lakini ukurasa hautuambii sauti ilipanda wapi na ilishuka wapi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy naye alitunga utenzi juu ya vita vya watu wa Mrima dhidi ya Wadachi. Herufi zake zimetufikia. Koo lililozighani halikutufikia.

Wao walikuwa na udhuru: hawakuwa na chombo. Chombo kilikuwa mikononi mwa wageni. Mwaka 1906 Karl Weule alizunguka kusini mwa nchi hii na mashine ya kunasia sauti, akirekodi nyimbo kwenye silinda za nta ambazo kila moja ilibeba dakika chache tu. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na mitambo yake, na hazina aliyoikusanya leo imehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mtafiti wa Kitanzania anayetaka kuzisikia sauti za wazee wake huanza kwa kuandika barua ng'ambo. Tunalalamika, na tuna haki ya kulalamika. Lakini sisi wenyewe tumerekodi nini tangu simu janja zijae mifukoni mwetu?

Tufanye hesabu. Sauti iliyonaswa bila kubanwa, katika mfumo wa WAV na kwa mkondo mmoja, huchukua takribani megabaiti 5 kwa dakika. Kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 32, inayouzwa katika maduka ya simu kila mtaa, inabeba karibu saa 100. Ni malenga gani wa Bagamoyo, Mlingotini au Saadani atakayemaliza saa 100? Weule angekuwa na kadi hiyo, asingehitaji wapagazi wa kumbebea masanduku ya nta.

Na chumba je? Chumba cha ndani kinatosha. Egemeza magodoro mawili ukutani, tundika kanga nzito au blanketi kwenye kamba nyuma ya msomaji, tandika mkeka sakafuni. Kinachoharibu sauti zaidi ya yote ni mwangwi wa kuta tupu. Zima feni na friji. Weka simu katika hali ya ndegeni, uilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, shubiri moja au mbili kutoka mdomoni, upande kidogo ili pumzi isiipige. Mwombe malenga aghani ubeti mmoja kwa sauti yake ya juu kabisa. Ukisikia mkwaruzo, isogeze nyuma. Acha sekunde kumi za kimya kabla hajaanza, maana kimya hicho ndicho programu ya bure kama Audacity itakachokitumia kupunguza uvumi wa chumba. Msimu wa masika, chini ya paa la bati, subiri mvua ikatike. Kisha, kabla ya ubeti wa kwanza, itajwe kwa sauti: nani anaghani, wapi, tarehe gani, utungo ni wa nani, na mahadhi aliyapata kwa nani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Rekodi ya asili isiguswe, usafishe nakala. Nakala moja ikae kwako, ya pili nyumba nyingine, ya tatu kwa familia ya malenga.

Katika orodha hiyo, kipi kinahitaji andiko la mradi?

Wapo watakaosema kwamba rekodi duni zinaidhalilisha sanaa. Nimeisikia hoja hii kwa watu ninaowaheshimu, na ina chembe ya ukweli: anayerekodi karibu na jenereta kwa sababu tu amechoka kusubiri hamheshimu malenga. Lakini wanaoitoa huchanganya mambo mawili. Rekodi ya kuuza inahitaji ung'avu; rekodi ya kuhifadhi inahitaji ukweli. Mkokoroko wa jogoo kwa mbali haujawahi kuua ubeti. Kinachoua ubeti ni kusubiri vifaa bora mpaka mwenye ubeti hayupo. Studio za kibiashara, kwa upande wao, mara nyingi hupenda kumtandikia malenga mdundo wa ngoma ya kompyuta, mahadhi yakafuata mashine badala ya mashine kuyafuata mahadhi. Hapo ung'avu umepatikana na shairi limepotea.

Wapo pia, hasa maofisini, watakaouliza kibali kiko wapi. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwatoza wenye blogu ada ya leseni ya shilingi 1,000,000, mbali na shilingi 100,000 za maombi. Zilirekebishwa baadaye, lakini woga uliopandwa haukurekebishwa pamoja nazo. Mtumishi wa umma atambue tofauti hii: kanuni zile zilihusu kurusha maudhui mtandaoni, si mjukuu kumrekodi babu yake chumbani. Nchi iliyoridhia mwaka 2011 Mkataba wa UNESCO wa kulinda urithi usioshikika haipaswi kuwa na ofisa anayemtisha mtu anayeulinda urithi huohuo kwa simu yake.

Hata hivyo, wepesi wa kurekodi usiwe wepesi wa kupora. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamtambua mghani pia, si mtunzi peke yake. Sauti yake hainaswi wala kusambazwa bila ridhaa yake. Mwanafunzi anayekwenda kijijini, akanasa, akaondoka, akapandisha mtandaoni kwa jina lake, hana tofauti na wakusanyaji wa kikoloni isipokuwa pasipoti. Malenga aelezwe rekodi itakwenda wapi, asikilizishwe, aruhusiwe kukataa ubeti asioutaka, naye alipwe. Ninaposema bajeti ndogo, simaanishi bajeti inayomdhulumu. Fungu la kwanza la bajeti ndogo ni la malenga, kifaa kinafuata.

Na hapo ndipo kisingizio cha fedha kinapovuliwa nguo. Tangu UNESCO ilipoitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwaka 2021, hatujakosa fulana, mabango, wala posho za vikao vya maandalizi. Malenga huitwa dakika ya mwisho, akapewa dakika tatu kati ya hotuba mbili, soda na nauli. Fedha ya fulana za siku moja ingewalipa wazee kadhaa na kununua kadi za kuhifadhi sauti zao. Kwa hiyo fedha ipo, ila haijawahi kuelekezwa kwa mzee.

Kwa wanafunzi wangu, na wa wenzangu: tasnifu yoyote ya ushairi wa pwani iambatane na sauti, na nakala irudi kijijini. Kwa wanaharakati: mnaodai mabaki ya kale yarejeshwe kutoka Ulaya, dai lenu litakuwa na nguvu zaidi mkiwa mmehifadhi yaliyobaki hapa. Kwa maofisa utamaduni wa halmashauri: anzeni na orodha ya wazee wanaoghani katika kila kata, orodha hiyo itagharimu daftari moja. Na kwa taasisi ya sanaa iliyopo Bagamoyo tangu mwaka 1981: fungueni kabati moja la sauti ambalo mwananchi yeyote ataweza kuleta rekodi ya babu yake ikapokewa, ikaandikwa, ikasikilizwa.

Msikiti wa Kaole umesimama karne nyingi, na mwaka ujao bado tutaukuta. Mzee anayeishi jirani nao hatupi ahadi hiyo. Simu mnayo, nendeni kwake wiki hii.