Acheni Kuwashonea Watumwa Hadithi

Kila Februari, mwezi ambao Marekani huadhimisha historia ya watu Weusi, vyama vya washona mifarishi hukumbuka somo lao pendwa. Mwanachama mmoja huenda shule ya msingi ya jirani na mkoba wa vitambaa, huvibandika ubaoni kimoja kimoja, na kuwaeleza watoto kwamba hii ilikuwa lugha ya siri ya watumwa. Spana: kusanya zana. Gurudumu la gari: funga mizigo. Unyayo wa dubu: fuata njia za wanyama milimani mpaka penye maji. Njia ya mlevi: usinyooke, pinda huku na huku uwapoteze wanaokuwinda. Mfarishi ulitundikwa uani kana kwamba unaanikwa, mtumwa akapita akausoma, akatoroka hadi Kanada. Watoto hupiga makofi, kisha hugawiwa karatasi za rangi wabuni alama zao wenyewe.

Hadithi tamu. Kasoro yake ni kwamba haina mguu hata mmoja wa kusimamia.

Mfarishi ninaousema ni lile blanketi la tabaka tatu: juu viraka vilivyoungwa kwa mchoro, katikati pamba, chini kitambaa kizima, na vyote vimepitishwa uzi mpaka vikawa kitu kimoja. Marekani kazi hii ni burudani ya watu wengi mno, wengi wao wanawake wa makamo na wastaafu. Wana vyama, hukutana kila mwezi, huonyeshana walichomaliza, hubadilishana masalio ya vitambaa, na hushonea watoto waliolazwa hospitali. Mji wa Paducah, Kentucky, una makumbusho ya taifa ya mifarishi. Houston kuna tamasha lake kila mwaka. Sina ugomvi na burudani hiyo. Ugomvi wangu ni na ukali wao, kwamba wanautumia mahali pamoja tu.

Maana hawa ni watu wakali. Mshono wa kuunga viraka ni robo inchi, na ukizidi kidogo hufumuliwa, kwa sababu kosa la uzi mmoja likirudiwa mara arobaini linaupinda mfarishi mzima. Mgeni hufundishwa kuibandika pasi juu ya mshono na kuiinua, asiiburute, kitambaa kisije kikavutika. Kitambaa chekundu hujaribiwa majini kwanza, kisichujie cheupe. Tena wazoefu wao wana jicho la ajabu: wakitazama rangi na maua ya kitambaa kikuukuu watakwambia ni cha miaka ya 1870 au ya 1930. Mwaka 1989 Barbara Brackman aliwaandikia kitabu kizima cha kutambua umri wa mifarishi, na wengi wanacho rafuni. Watu wa namna hiyo wanapomeza hadithi bila hata kuilowesha majini, nashindwa kuwasamehe kwa sababu ya ujinga. Si wajinga.

Hadithi yenyewe ilitoka wapi? Fununu za mifarishi na utoro zilikuwako kabla, hasa katika vitabu vya watoto, lakini iliyojaa madarasani leo ilipata umbo lake katika kitabu cha Jacqueline Tobin na Raymond Dobard, *Hidden in Plain View*, cha mwaka 1999. Mwaka 1994 Tobin alikutana na Ozella McDaniel Williams, mwanamke Mweusi aliyekuwa akiuza mifarishi katika soko la Charleston, Carolina Kusini. Ozella alimsimulia kuhusu michoro kumi, akisema alirithishwa maelezo hayo na wazee wa ukoo wake. Akafariki kabla kitabu hakijatoka. Simlaumu hata chembe. Msimulizi ana haki ya simulizi lake. Ninaowalaumu ni waliochukua neno la familia moja, lisilo na mfarishi hata mmoja wa kulithibitisha, wakaligeuza mtaala wa nchi nzima.

Hapa huja jibu linalotukuna sisi Waafrika: wasomi wanadharau mapokeo simulizi, mtumwa angeandika wapi? Jibu zuri, ila linawageukia wenyewe. Kati ya mwaka 1936 na 1938 serikali ya Marekani ilituma watu kuwahoji wazee waliokuwa wamezaliwa utumwani, na mahojiano zaidi ya 2,000 yakaandikwa. Hayo nayo ni mapokeo simulizi, tena kutoka vinywani mwa waliokuwapo. Wazee hao waliizungumzia mifarishi: vikao vya usiku vya kushona, chakula, nyimbo, nani alikuwa na mkono mwepesi. Wala hawakuogopa kutoa siri. Walieleza jinsi walivyofunika chungu kifudifudi mlangoni, wakiamini kitaimeza sauti ya sala bwana asisikie. Lakini mfarishi wa kuelekeza njia? Hakuna aliyeutaja.

Tumwite basi William Still wa Philadelphia, mtu Mweusi aliyewapokea mamia ya watoro na kuwahoji mmoja mmoja: jina, alikotoka, aliyemtesa, alivyopona. Aliyaficha maandishi hayo wakati wa hatari, kisha mwaka 1872 akayatoa kitabuni. Mna majahazi ndani yake, masanduku, barua, mavazi ya kujigeuza. Hamna kitambaa kinachosomwa.

Na michoro nayo ina umri. Katika michoro ya siri hutajwa pete mbili za ndoa, mchoro ulioanza kuvuma mwishoni mwa miaka ya 1920, zaidi ya nusu karne baada ya utumwa kukomeshwa. Nyumba ya magogo, ambayo wengine huongeza kwamba ikiwekwa moyo mweusi ilimaanisha hapa pana hifadhi, ilienea miaka ya 1860, wakati vita vya kuvunja utumwa vikipiganwa. Mengi ya majina haya yalisambazwa na magazeti na katalogi za mwishoni mwa karne ya 19. Yule mwanachama anayetambua kitambaa cha 1930 kwa kukitupia jicho, Februari ikifika jicho hilo hulifumba.

Tuache nyaraka, tutumie akili ya kawaida. Mtu anayetoroka usiku kwa miguu anaambiwa apakie mizigo kwenye gari, gari lipi? Anayefukuzwa na mbwa anahitaji kukumbushwa asinyooke njiani? Wengi waliofaulu walitoka majimbo ya mpakani kama Maryland, Virginia na Kentucky, ambako uhuru ulikuwa karibu, si Charleston kusini kabisa. Na mke wa bwana, aliyekuwa akishona michoro hiyo hiyo na kutembelewa na majirani wanaoishona, ndiye hasa mtu wa kufichwa maana yake?

Najua msomaji wa Mombasa au Unguja ananitazama kwa jicho la pembe. Kwetu kitambaa kinasema, nani asiyejua? Kinasema, ndiyo, lakini kinasema kwa maandishi, na kinasema kwa sababu jirani anasoma. Ukimvalia mke mwenzio kanga ya mafumbo, yeye anaelewa, mashoga zake wanaelewa, na mtaa mzima unasubiri atajibu kwa kanga gani. Fumbo la kanga linataka hadhara. Kulitumia kama hoja ya kuthibitisha siri ni kuligeuza ndani nje.

Basi kwa nini hadithi inapendwa hivi? Kwa sababu inampa mshonaji wa leo urithi wa ukombozi kwa bei ya mita mbili za pamba. Mchoro alioununua dukani unakuwa silaha ya uhuru, na mikono yake inaungana na mikono ya mashujaa. Halafu ni utumwa usio na kiboko, unaofaa watoto wa miaka saba. Hakuna aliyepigwa, hakuna mtoto aliyeuzwa mbali na mama yake. Kuna fumbo zuri, lililofumbuliwa na mtu mwerevu, akaenda zake. Kwa Mzungu mwenye dhamiri inayomsumbua hiyo ni dawa ya usingizi, na kwa Mweusi ni sifa isiyo na maumivu. Ndiyo maana ukiikosoa unaonekana umewatukana watumwa.

Lakini wanatukanwa na nani? Mwaka 2007 New York kulizuka mzozo, kwa kuwa mipango ya kumbukumbu ya Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka, pembeni mwa Central Park iliingiza michoro hii ya mifarishi, na wanahistoria wakapinga. Douglass alieleza maisha yake katika vitabu vitatu. Alitoroka Baltimore mwaka 1838 kwa treni, mchana, amevaa kama baharia, mfukoni ana hati ya kuazima ambayo haikufanana naye. Mtu aliyekaa kwenye behewa akimsubiri mkagua tiketi na hati ya mtu mwingine, unampamba kwa viraka vya nini?

Sindano kweli ilikomboa watu, na habari zake zinajulikana. Desemba 1848 Ellen Craft, mshonaji aliyekuwa mtumwa huko Macon, Georgia, alijigeuza tajiri wa kizungu mgonjwa na kusafiri mchana kweupe hadi Philadelphia, mumewe William akijifanya mtumwa wake. Suruali aliishona mwenyewe. Mkono wa kulia aliuning'iniza kitambaani shingoni asije akaombwa kutia sahihi hotelini, kwa sababu hakujua kuandika. Elizabeth Keckley alishonea mabibi wa St. Louis mpaka wakamkopesha dola 1,200 za kujinunua pamoja na mwanawe, mwaka 1855, na akazilipa. Baadaye alikuwa mshonaji wa mke wa Rais Lincoln.

Na kama ni lazima mfarishi usomwe, upo wa kusomwa. Harriet Powers alizaliwa utumwani Georgia mwaka 1837. Mwaka 1886 alionyesha kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens mfarishi wenye picha za Biblia, watu na wanyama waliokatwa kitambaani na kushonewa juu yake. Msanii mmoja wa kizungu, Jennie Smith, akataka kuununua, Harriet akakataa. Miaka michache baadaye, hali ilipokuwa ngumu, aliupeleka mwenyewe akitaka dola kumi, akapewa tano. Kabla ya kuondoka alieleza picha moja moja, Jennie akaandika. Na baadaye Harriet akawa anarudi kuutazama. Uko kwenye makumbusho ya Smithsonian sasa. Wa pili, ulio Boston, una usiku wa mwaka 1833 nyota zilipoanguka kama mvua, usiku uliotokea kabla hajazaliwa na ambao aliujua kwa kusimuliwa. Mapokeo simulizi mnayoyatetea ndiyo hayo, yana uzi, yana tarehe, yana mwenyewe. Tena mfarishi wa kwanza ulipitishwa cherehani mahali mahali; wale wanaodharau mashine vyamani mwao waende wakamwambie Harriet.

Kwa hiyo Februari ijayo mwanachama akienda shuleni, mkoba wa spana na magurudumu auache nyumbani. Nyumba ya magogo aendelee kuishona, ni mchoro mzuri kwa anayeanza, mradi aiweke kwenye karne yake. Darasani apeleke picha ya mfarishi wa Boston. Chini yake kuna nguruwe jike anayeitwa Betts, ambaye Harriet alieleza kwamba alikimbia maili 500 kutoka Georgia mpaka Virginia. Awaulize watoto Betts alikuwa akimkimbia nani, na awe tayari kujibu maswali yatakayofuata, kwa sababu hayo hayajibiwi kwa karatasi za rangi.