Kubernetes Haileti DevOps

Katika idara za teknolojia, kuanzia kampuni changa zenye wahandisi watano hadi benki zenye mamia yao, imeenea imani kwamba timu ya programu ikishahamishia kazi zake kwenye makontena, ikasimika Kubernetes na kuajiri mtu mwenye cheo cha "injinia wa DevOps", basi imekwisha kuingia katika zama za DevOps. Imani hii imo katika matangazo ya kazi, katika maombi ya bajeti na katika maneno ya wauzaji wa huduma za wingu, yaani huduma za kukodisha kompyuta, hifadhi na mtandao kwa njia ya intaneti. Na kwa kuwa inaahidi kwamba tatizo la watu laweza kumalizwa kwa kununua mtambo, hupokewa kwa mikono miwili na viongozi wasiotaka kuigusa mipaka ya idara zao. Ni imani potofu tangu msingi wake. Kubernetes inajibu swali la namna ya kuendesha programu nyingi juu ya mashine nyingi, ilhali DevOps inajibu swali la nani abebe dhamana ya programu baada ya kuandikwa, na timu inayolipia jibu la kwanza kwa kudhani imepata la pili hubaki na swali lake la zamani, ikiwa imeongezewa mtambo mpya wa kuutunza.

Mfuatano wa miaka peke yake unatosha kuitia imani hiyo mashakani. Kwa muda mrefu kazi ya programu iligawanywa mafungu mawili: watengenezaji, waliolipwa ili walete mabadiliko, na waendeshaji, waliolipwa ili seva zisitetereke, na kwa kuwa kila badiliko ni hatari kwa utulivu, kila upande ulikuwa na sababu halali ya kuuona mwingine kuwa kikwazo. Mnamo Juni 2009, katika mkutano wa Velocity uliofanyika San Jose, Marekani, John Allspaw na Paul Hammond wa tovuti ya picha ya Flickr walieleza jinsi pande hizo mbili zilivyoshirikiana hadi zikaweza kuingiza matoleo mapya hewani zaidi ya mara kumi kwa siku, katika sekta ambayo wengi walizoea kutoa toleo moja kwa miezi kadhaa. Walitaja zana, kama vile njia ya kujenga na kupeleka toleo kwa hatua moja na vipimo vinavyotazamwa na pande zote, lakini walitaja pia kuheshimiana, kuaminiana na kuacha kumsaka wa kulaumiwa. Oktoba mwaka huohuo Mbelgiji Patrick Debois akaitisha mjini Ghent mkutano wa kwanza wa DevOpsDays, na jina la DevOps, linalounganisha vifupisho vya Kiingereza vya utengenezaji na uendeshaji, likaenea kutoka hapo. Docker, zana iliyoyafikisha makontena mikononi mwa watengenezaji wa kawaida, ilionyeshwa hadharani Machi 2013, na Kubernetes ikatangazwa na Google Juni 2014. Jambo linalodaiwa kuletwa na Kubernetes lilikuwa limekwisha kuishi takribani miaka mitano bila ya Kubernetes.

Ni lazima pia ieleweke mtambo wenyewe unafanya nini. Kontena si kompyuta ndogo ndani ya kompyuta kubwa, kama inavyodhaniwa mara nyingi. Ni mchakato wa kawaida wa Linux ambao kiini cha mfumo endeshi kimeuwekea mipaka miwili, mmoja wa kile unachoweza kukiona, yaani faili, mtandao na michakato mingine, na wa pili wa kile unachoweza kukitumia, yaani kumbukumbu na muda wa prosesa. Mpaka huo wa pili ulianza kutengenezwa na wahandisi wa Google mwaka 2006 na ukaingia katika Linux mwaka 2008. Makontena yakiwa machache, mtu mmoja huweza kuyasimamia; yakiwa maelfu, huhitajika uratibu, yaani programu ya kuamua kontena lipi liendeshwe kwenye mashine ipi, lianzishwe upya lini na lifikiweje mtandaoni. Google ilikabiliana na hali hiyo kwa mfumo wa ndani ulioitwa Borg, na kwa mujibu wa ripoti iliyochapishwa na wahandisi wake mwaka 2015, kundi moja la wastani katika mfumo huo lilikuwa na mashine zipatazo 10,000. Kubernetes ilizaliwa kutokana na uzoefu huo: mhandisi huandika faili inayotaja hali inayotakiwa, tuseme nakala tatu za huduma ya malipo, na mtambo hulinganisha hali hiyo na iliyopo bila kukoma, ukianzisha nakala mpya kila inapokufa moja. Ni kazi ya kihandisi inayostahili heshima, lakini swali lake ni la wingi, na timu yenye seva nne haijawahi kuulizwa swali hilo.

Kinachowavutia wengi ni ahadi kwamba mtambo huu hujiponya, na hapo ndipo imani inapovunjika waziwazi. Kubernetes hupima uzima wa kontena kwa kuliuliza swali ambalo mtengenezaji mwenyewe ameliandika. Akiandika kwamba inatosha mlango wa mtandao uwe wazi, basi huduma inayopokea maagizo ya wateja na kushindwa kuyaandika kwenye hifadhidata itahesabiwa kuwa nzima usiku kucha. Vilevile kontena linalovuka kiwango cha kumbukumbu lilichopangiwa huuawa na kuanzishwa upya, hivyo programu yenye kasoro ya kutorudisha kumbukumbu inayoichukua inaweza kufa mara thelathini kwa siku bila ya aliyeiandika kujua, kwa sababu wateja wengi hawakugutuka na idadi ya vifo hivyo imo kwenye skrini asiyoitazama. Kujiponya huko ni kuuficha ugonjwa, isipokuwa pale ambapo mwenye msimbo, yaani maandishi ya programu, ndiye anayedaiwa maelezo ya vifo hivyo thelathini. Na kudaiwa maelezo ni mpango wa watu, ambao haumo katika faili yoyote ya Kubernetes.

Kinachotokea katika timu nyingi badala yake ni kujengwa upya kwa ukuta uleule uliokusudiwa kubomolewa. Kwa kuwa Kubernetes ina msamiati wake, makosa yake yasiyosomeka kwa mgeni na faili zake ndefu za YAML, ambayo ni namna ya kuandika mipangilio ambamo nafasi tupu mwanzoni mwa mstari hubadilisha maana, huundwa kikosi cha wachache wanaouelewa mtambo, nacho huitwa "timu ya DevOps". Mtengenezaji anayetaka huduma yake iongezewe kumbukumbu hufungua tiketi, husubiri siku mbili, kisha hunakili faili ya mradi wa jirani bila ya kujua kila mstari unasema nini. Programu ikianguka saa nane za usiku, simu inayolia ni ya mtu wa timu ya DevOps, ambaye hajawahi kuusoma msimbo huo na ambaye dawa yake pekee ni kulianzisha upya kontena na kungoja kukuche. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mtengenezaji asiyeamshwa na makosa yake hana sababu ya kuyahofia. Mwaka 2006 Werner Vogels, mkuu wa teknolojia wa Amazon, alikwisha kueleza kanuni iliyo kinyume kabisa cha mpango huu, kwamba wanaoijenga huduma ndio wanaopaswa kuiendesha. Kupachika idara ya tatu kati ya ujenzi na uendeshaji ni kuikana kanuni hiyo huku jina la DevOps likiwa limebandikwa mlangoni.

Gharama ya ujuzi usiogawanywa ilionekana katika mtandao wa Reddit tarehe 14 Machi 2023, katika tukio ambalo wahandisi wake walilieleza hadharani kwa uwazi unaostahili kusifiwa. Walikuwa wakipandisha klasta moja, yaani kundi la mashine linalosimamiwa na Kubernetes kama kitu kimoja, kutoka toleo la 1.23 hadi la 1.24, na huduma ikazimika kwa dakika 314. Chanzo kilikuwa lebo, kitambulisho kifupi kinachobandikwa kwenye mashine ili mipangilio mingine iweze kuipata: mashine zinazoongoza klasta zilikuwa zikibeba lebo yenye neno "master", ambayo toleo la 1.24 liliiondoa na kuiacha mpya yenye maneno "control-plane". Mipangilio ya mtandao wa ndani ilikuwa bado ikiitafuta lebo ya zamani, na ilipoikosa, mashine zikapoteza njia za kufikiana. Mipangilio hiyo ilikuwa imewekwa miaka kadhaa kabla, na wote waliojua kwamba ipo walikwisha kuhamia kazi nyingine. Kubernetes ilitekeleza ilichoagizwa barabara; kilichopotea ni ujuzi wa pamoja wa timu, ambao hakuna mratibu wa makontena anayeutunza. Ikiwa hayo yaliipata kampuni yenye wahandisi waliobobea, basi timu yenye mtaalamu mmoja tu wa mtambo huo inaishi kwa kutumaini kwamba hatapata kazi nzuri zaidi kwingine.

Watetezi wa imani hii watajibu kwamba kazi ya mikono ni hatari kubwa zaidi, nao wana ushahidi. Tarehe 1 Agosti 2012 Knight Capital, kampuni ya Marekani ya biashara ya hisa, ilikuwa imeweka programu mpya kwenye seva nane kwa mikono, fundi akairuka seva moja, na msimbo wa zamani uliobaki humo ukaanza kununua na kuuza hisa ovyo kwa dakika 45, ukisababisha hasara ya zaidi ya dola milioni 440. Mratibu asingeisahau seva ya nane, na hilo halina ubishi. Lakini uchunguzi wa mamlaka ya masoko ya hisa ya Marekani ulionyesha mambo mengine mawili: kwamba hakukuwa na utaratibu wa fundi wa pili kukagua kazi ya wa kwanza, na kwamba kabla ya soko kufunguliwa mfumo ulikwisha kutuma barua pepe 97 zilizolitaja kosa lenyewe, wala hakuna aliyezifanyia kazi. Kubernetes ingezituma barua zake za tahadhari kwa watu walewale. Tena, kuzifikia seva nane bila kuruka hata moja ni kazi ya skripti fupi na jicho la mtu wa pili, zana ambazo zilikuwepo muda mrefu kabla ya mwaka 2012.

Upotofu huu una bei, na bei yake hulipwa kila mwaka. Kubernetes hutoa matoleo matatu kwa mwaka na kila moja hutunzwa kwa takribani miezi 14, kwa hiyo timu iliyoisimika imejifunga kupandisha toleo mwaka hadi mwaka hata kama programu yake haikubadilika kitu. Amazon, inayokodisha klasta kwa wasiotaka kuzisimamia wenyewe, hutoza dola 0.10 kwa saa kwa klasta iliyo kwenye toleo linalotunzwa na dola 0.60 kwa ile iliyochelewa kupandishwa, kabla ya kuhesabu seva zenyewe. Timu ya Dar es Salaam au Nairobi, inayokusanya shilingi na kulipa dola, huuhisi uchelewaji huo mara mbili. Wakati huohuo kumbukumbu za sekta zimejaa mifano ya waliofika mbali bila mtambo huo. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya watengenezaji wa programu duniani kote, ilieleza mwaka 2016 kwamba ilitumia seva 11 za wavuti na nne za hifadhidata. WhatsApp iliponunuliwa na Facebook Februari 2014 ilikuwa na watumiaji milioni 450 kwa mwezi na wahandisi 32, na Kubernetes ilikuwa bado haijatangazwa.

Haifuati kwamba Kubernetes haina mahali pake. Shirika lenye mamia ya huduma, timu nyingi zinazogombea mashine zilezile na watu wa kutosha wa kuutunza mtambo hulipwa vizuri na uratibu. Lakini hata huko mtambo haukuleta ushirikiano, na shahidi wa kwanza ni Google yenyewe. Kampuni iliyoijenga Borg haikuiachia Borg kazi ya kuwapatanisha watengenezaji na waendeshaji: kuanzia mwaka 2003, chini ya Ben Treynor Sloss, iliunda kikosi cha wahandisi wa uthabiti na kukiwekea kanuni kwamba wasitumie zaidi ya nusu ya muda wao katika kazi za uendeshaji, na ikaanzisha bajeti ya makosa, ambayo ni makubaliano kwamba huduma iliyoahidiwa kupatikana kwa asilimia 99.9 ina haki ya kuzimika takribani dakika 43 kwa mwezi, na ikizimaliza, matoleo mapya yasimame hadi utulivu urudi. Hayo ni mapatano kati ya watu wanaoweza kukataa na kukataliwa, nayo yaliandikwa na wale waliokuwa na uratibu bora kuliko mtu mwingine yeyote.

Utaratibu unaofaa, basi, unaanzia upande wa pili. Kitabu cha utafiti cha Nicole Forsgren, Jez Humble na Gene Kim kilichotoka mwaka 2018 kinapima timu kwa mambo manne: zinatoa matoleo mara ngapi, msimbo huchukua muda gani kufika hewani, mabadiliko mangapi huharibika, na huduma hurejeshwa kwa muda gani; na hakuna hata kipimo kimoja kati ya hivyo kinachotaja chapa ya zana. Timu inayotaka kuviboresha ihakikishe kwanza kwamba aliyeandika msimbo yumo katika zamu ya usiku, kwamba baada ya kila hitilafu huandikwa maelezo yanayotafuta sababu badala ya mkosaji, na kwamba mabadiliko huwa madogo kiasi cha kuweza kurudishwa nyuma kwa dakika chache. Wingi wa mashine ukija kudai uratibu, uratibu utawakuta watu wanaojua wanachokiratibu. Kiongozi asiyekuwa tayari kuiandika upya orodha ya wanaopigiwa simu usiku asiilaumu Kubernetes itakapomshinda, kwa kuwa hakuna toleo lake, la sasa wala lijalo, litakalomwandikia orodha hiyo.