Paris wana uwanja, Voi tuna nini?

Wasee, leo mniache niongee. Kila nikifungua simu kuna mtu wa huku Pwani amesimama Place de la Concorde, Paris, koti refu, mkono kiunoni, na chini watu wa Voi wanaandika "siku moja na mimi". Sawa, endeni. Ule uwanja ni mzito. Mwaka 1793 mfalme Louis XVI alikatwa kichwa pale mbele ya umati, na Wafaransa hawajaficha. Lakini ile nguzo ndefu nyuma yenu si ya kwao. Ilitoka Luxor, Misri, ikasimamishwa hapo 1836. Jiwe la Afrika limepewa uwanja Ulaya.

Halafu mtu huyo huyo ananiambia Voi hakuna kitu ya kuona! Hapo ndipo nakasirika.

Mwaka 1915 vita vya Waingereza na Wajerumani vilikuwa mlangoni kwetu. Taveta ilikuwa mikononi mwa Wajerumani tangu 1914, na Waingereza wakaanza kujenga reli kutoka Voi kuwafuata. Wajerumani walipovamia Kasigau, Waingereza wakaamua wenyeji ndio waliowachongea. Vijiji vikachomwa. Watu wakaswagwa hadi Malindi, wazee, akina mama, watoto, na wengi wakafia huko. Hawakuwa wanajeshi, jamani. Walikuwa watu kwao.

Voi kuna makaburi ya vita hivyo, yamepangwa safi, mawe yana majina ya wanajeshi. Wapagazi Waafrika waliowabebea risasi na unga je? Tume inayotunza makaburi hayo yenyewe ilikiri 2021 kwamba Waafrika wengi hawakuwahi kukumbukwa kwa majina. Na wale simba wawili waliokula wafanyakazi wa reli Tsavo 1898? Hao wako ndani ya kioo, makumbusho ya Chicago, dunia nzima inawajua. Simba!

Kaunti msituambie pesa hakuna. Hatujaomba nguzo ya mita 23 kama ya Paris. Tunataka kipande cha wazi katikati ya mji, kisichogeuzwa steji ya matatu wala vibanda, na ukuta wenye majina ya watu wa Kasigau na wapagazi wetu.

Majina mengine bado yako vichwani mwa wazee. Kama wikendi hii unapanda kwenda Rukanga au Bungule, kaa na nyanya, muulize nani wa kwao alipelekwa Malindi, na akikubali, umrekodi.